Uso wa Kahawia

Fundi saa asiyeona ni kama mpishi asiyeonja: anaweza kujikongoja kwa mazoea, lakini chumvi itamuumbua tu. Bwana Nukta alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana hakumwambia mtu. Alikuwa radhi kusengenywa, kuitwa mbahili, hata kuitwa mwenye maringo, ilimradi asihurumiwe. Ungetaka kumkosesha usingizi mwanamume yule, ungemwambia pole.

Ukungu ulimwingia machoni taratibu. Kwanza zilipotea skrubu ndogo, zile zinazofanana na punje za mchanga. Ikafuata mishale, kisha tarakimu, na mwishowe uso mzima wa saa ukawa duara la kijivu tu. Kila kilipopotea kitu, alimwita mkewe akamwelekeza kwa vidole jinsi kinavyoshikwa, na mkewe akakishika. Mama yule kabla ya kuolewa alikuwa akiandika vibao vya maduka, na mkono wake haukujua kutetemeka. Alijifunza saa kama mtu anavyojifunza nyumba ya wakwe, kimya kimya, kwa kuangalia. Mpaka ikafika siku kazi yote ya dukani ikawa yake, na kazi ya mumewe ikawa kukaa kaunta, kile kioo cha kubana jichoni kikining'inia kifuani, akipokea wateja na sifa.

Waliweka pazia. Nyuma ya pazia palikuwa na meza, taa na mama. Mbele ya pazia palikuwa na Bwana Nukta. Mteja akichungulia ndani, mama hushika kitambaa akaanza kufuta saa za ukutani. Kuna wateja waliompongeza Bwana Nukta kwa kupata mke mpenda usafi, naye aliitikia asante. Hebu fikiria. Mtu anakula jasho la mwenzake, halafu anapongezwa kwa kumpata wa kufuta vumbi, na anasema asante.

Usimwonee mama huruma haraka, lakini. Yeye mwenyewe alikubali. Aliipenda kazi, na kiburi cha mumewe alikichukulia kama kikohozi cha zamani, kitu cha kuuguza, si cha kugombea. Tena duka lao lilipata jina kupitia mkono wake. Saa ikiletwa na uso uliopauka, tarakimu zimefifia, mama hakungoja kuambiwa. Aliufuta uso mpaka kwenye chuma, akaupaka upya, akaandika tarakimu kwa brashi yenye nywele chache. Mteja akija kuichukua alishika mdomo. "Kama mpya," walisema, na Bwana Nukta alijibu, "Hiyo ni zawadi ya duka." Hakuna aliyewahi kulalamika. Nani alalamike kwa kurudishiwa ujana?

Basi akaja Mwalimu.

*

Alikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari ya jirani, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alifungua leso juu ya kaunta akatoa saa. Bwana Nukta aliipokea, na mara tu ilipomkalia kiganjani alijua si saa ya kila siku. Uzito ule, ulaini wa ule ufunguo wa kutilia majira, yale mapigo ya chini chini. Ilikuwa saa ya zile ambazo mtu akizivaa barabarani hushusha mkono wa shati. Katika maisha yake yote ya ufundi alikuwa amezishika za namna ile kwa nadra sana, na moyo ulimwenda mbio kama wa kijana.

Mwalimu alimweleza kwamba ilikuwa ya marehemu baba yake, mpima barabara. Kampuni ilimpa angali kijana, akaivaa mpaka alipofariki. Sasa ilikuwa ikichelewa, alitaka ifunguliwe, isafishwe ndani na kutiwa mafuta. Kisha akavuta taa ya kaunta akaisogeza karibu.

"Fundi, uso wake usiuguse," alisema. "Ulikuwa mweusi, umegeuka kahawia kwa jua. Unaona hapa pembeni palivyokolea kuliko katikati?"

"Naona," alisema Bwana Nukta. Aliona duara la kijivu.

"Na hizi tarakimu zimekuwa za manjano, kama jino la mvuta tumbaku. Ziache hivyo hivyo. Kuna mnunuzi aliwahi kunitajia bei ya gari kwa ajili ya ukahawia huu tu, nikamwambia hata kwa bei ya nyumba siuzi. Nikiuangalia namwona mzee wangu. Tumeelewana?"

Bwana Nukta alisema wameelewana. Mwalimu akarudia tena, kisha akiwa mlangoni akarudia mara ya tatu, kama walimu walivyo, naye akaitikia mara ya tatu. Wakati huo mama alikuwa ameenda bombani kuchota maji.

Aliporudi, Bwana Nukta alimkabidhi saa kama anayekabidhi yai. Mama akauliza mteja amesemaje. Jibu lilikuwa jepesi kabisa. Lilikuwa ni kusema: uso usiguswe. Lakini angesema hivyo, mama angeuliza uso una nini, naye angelazimika kueleza ukahawia ambao hakuuona, na manjano ambayo alidai anayaona, na kumbe alisimama pale akimdanganya mwalimu mzima chini ya taa. Mbele ya mkewe alikuwa bado anajifanya kwamba anabaki na macho kidogo, ya kutofautisha rangi walau. Ndiyo, hata mkewe alikuwa akimficha. Akasema, "Isafishwe ndani, itiwe mafuta. Ikichelewa hata kidogo, tutaaibika." Kuhusu uso akajiambia atamwambia baadaye, akipata namna nzuri ya kulitia neno.

Hakuipata, kwa sababu hakuitafuta.

Mama aliifungua ile saa kwa heshima. Alitoa kila kipande, akakiosha, akakipanga juu ya kitambaa cheupe. Alipoufikia uso, alisikitika. Saa ya thamani kama ile, na uso umeungua hivyo? Aliona aibu kwa niaba ya mwenyewe. Hakuna zawadi ya duka iliyowahi kumfaa mteja kuliko hii, aliwaza, na akaamua kufanya kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alichovya pamba kwenye thina, ile dawa ya kuondolea rangi.

Na harufu ya rangi ikapita chini ya pazia ikaja mpaka kaunta. Bwana Nukta aliisikia. Pua yake ilikuwa nzima. Alikaa pale na kikombe cha chai mkononi, akajiambia labda mama anapaka ile saa ya ukutani ya kinyozi jirani yao. Alijiambia hivyo, akanywa chai yake, hakuita, hakuuliza. Kumbe ile saa ya kinyozi ilikuwa imeshachukuliwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa.

*

Siku Mwalimu alipokuja kuichukua, alikuja na furaha. Alimsalimia mama aliyekuwa akifuta vumbi, akamtania Bwana Nukta kwamba leo hatachelewa darasani. Bwana Nukta akaiweka saa kwenye kaunta kwa mbwembwe na kurudi nyuma kidogo, kama afanyavyo siku zote, kungoja sifa.

Mwalimu aliiinua, akaisogeza kwenye taa.

"Hii si saa yangu," alisema Mwalimu.

Bwana Nukta akacheka. Wateja wake wengi walisema hivyo hivyo, ndiyo ilikuwa sifa yenyewe. "Kila mtu husema hivyo," alimwambia. "Imerudi kama mpya."

"Fundi, nilikuambia usiguse uso."

"Sikuugusa."

"Huu ni mweusi. Ni mweusi tii. Wewe unaniambia hukuugusa?" Sauti yake ilianza kupasuka. "Na tarakimu nyeupe pe. Ule uso uko wapi? Umeutoa? Nipe, hata kama umeharibika nipe."

Ile harufu ya rangi ikamrudia Bwana Nukta puani kama vile imepakwa sasa hivi. Akajua. Watu wawili waliokuwa wakipita nje walisimama mlangoni, maana kilio cha mtu mzima kina mwito wake. Na hapo, ndugu yangu, mtu hupewa nafasi ndogo sana ya kuwa mtu. Bwana Nukta alipewa. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye pazia.

"Ni huyu mke wangu," alisema. "Hajui kazi, anafagia tu hapa. Nilitoka kidogo, naye akajitia ufundi."

Mama alikuwa bado ameshika kitambaa. Alimwangalia mumewe, kisha akamgeukia Mwalimu akamuuliza taratibu kama kweli alisema uso usiguswe. Mwalimu akajibu kwamba alisema mara tatu, na mumewe alikuwa amesimama pale pale. Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Neno moja lake lingetosha kulibomoa duka lote. Hakulisema.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Ni mimi niliyeufuta, na ni mimi niliyeupaka. Sikujua."

Kila alichosema kilikuwa kweli, na Bwana Nukta alitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, lakini aliyefiwa mara ya pili hana adabu. Alimkaripia mama mbele ya wale wapita njia kama anavyokaripia mtoto wa kidato cha kwanza. Alimuuliza kama kwao hawakumfundisha kutogusa kitu asichokijua. Alimwambia ule ukahawia ulikuwa ni jua la baba yake, jua la barabara zote alizopima mkono ukiwa nje, na kwamba hakuna brashi duniani itakayomrudishia. Mama alisimama akapokea yote, mikono ameikunja tumboni. Mwalimu alitulia, akajifuta uso kwa leso ile ile aliyoletea saa, akamgeukia Bwana Nukta.

"Sitaki fidia. Nataka uniahidi kitu kimoja, mbele yake na yeye asikie. Huyu asiguse tena saa ya mtu."

Mlangoni watu walikuwa wamefika wanne.

"Naahidi," alisema. "Hatagusa tena."

*

Jioni waliketi kula. Binti yao, aliyekuwa akiuza mikate katika duka la kona, alikuwa ameshaipata habari yote mezani kwake kabla ya kufunga duka, tena ikiwa na nyongeza. Alimwangalia baba, akamwangalia mama, akamsogezea baba kikombe hadi kikagusa vidole vyake. Ndivyo alivyozoea kufanya, na Bwana Nukta siku zote alidhani ni bahati tu kwamba kikombe huwa karibu.

Mama ndiye aliyeanza. Wala hakuanza na lile la dukani.

"Nimemfuta baba wa mtu," alisema. "Nilisugua mpaka chini kabisa, nikaona nimefanya kazi nzuri. Nilifurahi, unajua? Nilikuwa naimba."

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema Bwana Nukta. Alilisema kwa sauti ndogo, lakini alilisema. Binti akaweka kijiko chini.

"Harufu ya rangi hukuisikia?" aliuliza mama.

Bwana Nukta alikishika kikombe kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa akimtazama, na ingawa hakuiona ile sura, aliihisi kama unavyohisi jiko lililo mbele yako.

"Niliisikia," alisema.

Mama akainuka, akakusanya vyombo. Hakugomba, na heri angegomba. Akiwa kwenye beseni, mgongo ameugeuza, alisema kwamba kesho atakwenda dukani kama kawaida, atafagia na kufuta vumbi, kwa kuwa hayo ndiyo anayoyajua. Saa hatagusa. Mumewe alimwambia ile ilikuwa ahadi ya kumtuliza mtu tu. Mama akasema yeye hajui ahadi za kumtuliza mtu, anajua ahadi.

*

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Bwana Nukta aliujua msemo huo tangu utotoni, na sasa aliuonja. Mama alifagia duka, akafuta saa zote, kisha akaketi kwenye kiti cha wateja karibu na mlango akashona vifungo vya shati. Pazia lilikuwa wazi. Meza ilikuwa wazi, na taa imewashwa, na hakuna mtu.

Wateja waliokuja aliwaambia kazi ni nyingi, waje kesho. Walipokuja kesho aliwaambia kesho tena. Fundi kusema njoo kesho si habari, hata fundi cherehani husema. Lakini kinyozi wa mlango wa pili hakukubali. Alileta saa yake ya mkononi ibadilishwe betri, akasema ni kazi ya dakika moja, akaketi kungoja.

Bwana Nukta alimwita mkewe kwa sauti ya chini. Mama akavuta uzi. Akamwita tena, akimwambia ni betri tu, betri nayo ni saa? Mama akasema betri iko ndani ya saa, na saa ni ya mtu.

Basi fundi akabana kioo jichoni, akainama. Kifuniko alikifungua kwa kupapasa, mikono yake bado ilikuwa na kumbukumbu. Betri akaitoa. Halafu kile kipande kidogo kinachoishikilia kikaruka, kikalia kwenye sakafu mara moja, tiki, na kunyamaza. Bwana Nukta akashuka chini. Alipiga magoti akapapasa chini ya meza, chini ya kaunta, mpaka kwenye viatu vya kinyozi. Kinyozi aliinua miguu yake kwanza, kwa adabu. Kisha akaanza kumwelekeza: kushoto, fundi, hapana, mbele kidogo, hapo, hapo hapo mbele ya pua yako. Na mkono wa fundi ukapita juu ya kile kipande, ukarudi, ukapita tena.

Kinyozi aliacha kuelekeza. Aliinama mwenyewe akakiokota, akakaa nacho kiganjani, akimtazama mtu mzima aliyepiga magoti. Alianza kukumbuka mambo, jinsi Bwana Nukta anavyosalimia kwa kungoja kwanza asikie sauti, jinsi anavyosema naona, naona, akiwa amegeukia kwingine.

"Pole sana, fundi," alisema.

Lilikuja lenyewe, lile neno. Kinyozi alifunga saa yake na vipande vyake katika karatasi ya gazeti, akasema hakuna haraka, atapeleka kwingine, akamshika fundi kiwiko kumwinua. Mama mlangoni alikuwa amejichoma sindano kidoleni, akakinyonya kimya. Kwa dakika ile alitaka kuinuka aende kwenye meza. Nakuambia alitaka. Lakini angeinuka, lile neno, hajui kazi, lingebaki duniani daima, na yeye angekuwa amelitia sahihi.

Kesho yake hakuja dukani kabisa. Alimwambia mumewe kwamba vifungo vimekwisha na vumbi si la siku zote, na kwamba amepata shughuli. Bwana Nukta alikuwa hana uso wa kuuliza shughuli gani. Akafunga duka, akapapasa njia ya kwenda shule.

*

Chumba cha walimu kilikuwa na meza zilizobanana na harufu ya chaki. Bwana Nukta aligonga bega kwenye mwimo wa mlango, akaomba radhi kwa kabati. Kuna mtu alicheka, akanyamazishwa. Mwalimu alimtambua, akauliza kwa baridi kama amekuja kuleta kitu.

Alikuwa amepanga kumwomba watoke nje, wakazungumze pembeni. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya pembeni. Lakini alipokuwa amesimama pale hakujua pembeni iko wapi, na akaona kwamba hata kwa kutubu alikuwa akitafuta pazia.

"Mimi sioni, mwalimu," alisema. Kalamu zilizokuwa zikisahihisha madaftari zikasimama moja moja. "Siku ile uliponionyesha rangi, sikuona kitu. Nilisema naona kwa sababu niliona aibu. Mke wangu ndiye fundi. Saa zote za duka lile anazitengeneza yeye, za miaka yote hii. Uliyoniambia sikumwambia. Na harufu ya rangi niliisikia, nikanyamaza. Yeye hakuharibu saa yako. Niliiharibu mimi."

Mwalimu alipandisha mkono wa blauzi. Saa ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameamua kuivaa hivyo hivyo, nyeusi, kwa kuwa ndani yake bado ilikuwa ni ile ile na sasa haikuchelewa hata nukta moja. Aliuangalia ule uso. Alisema tangu siku ile alikuwa akijiuliza mfagiaji amewezaje kuandika tarakimu ndogo namna ile, zimenyooka kuliko za kiwandani.

"Alikuja hapa juzi," alisema. "Unajua?"

Bwana Nukta hakujua.

"Alikuja kuniomba radhi tena. Aliketi hapo uliposimama, akaniomba nimsimulie habari za baba. Nikamsimulia, akalia. Nilimuuliza ilikuwaje, akasema ni yeye tu, alijitia kujua. Wewe hakukutaja."

Kama kuna kofi linalopigwa bila mkono, ni hilo. Bwana Nukta alisema amekuja kuomba afunguliwe ile ahadi, ili mkewe arudi mezani. Mwalimu akamwambia, bila ukali sasa, jambo ambalo walimu wenzake walikuja kulirudia kwa siku nyingi.

"Uliniahidi kwa mikono ambayo si yako, fundi. Mimi sina cha kukufungulia. Uliyemwaibisha mbele za watu ni nani, mimi?"

Akamsindikiza hadi getini akimshika mkono, na Bwana Nukta hakuuvuta.

*

Alipofika mtaani alimsikia kinyozi akimwita. Kinyozi alimuuliza kama anamtafuta mkewe, akasema anamtafuta. Kinyozi akamshika bega, akamgeuza.

"Umempita sasa hivi, fundi. Yuko pale duka jipya la dawa, juu ya ngazi. Anawaandikia kibao."

Akarudi alikotoka. Watu walikuwa wamekusanyika chini ya ngazi, maana mtu akiandika kibao hakosi watazamaji, na wengine walikuwa wakibishana herufi itakayofuata. Walipomwona wakanyamaza, wakampisha, wengine wakimtazama kwa ile huruma aliyoikimbia miaka yote. Huko juu aliona kivuli tu kikisogea mbele ya mwanga wa kijivu. Hakujua mama amevaa kitenge kipi. Zamani angejua.

"Mama," aliita.

Brashi haikusimama.

Akasema kwa sauti, pale pale, kinyozi akisikia na muuza dawa akisikia na binti yake aliyetoka duka la mikate na unga mikononi akisikia. Alisema alimwita asiyejua kazi, naye ndiye aliyekuwa akimlisha. Alisema kwamba saa zao wote wale waliosimama pale, kila aliyewahi kusema kama mpya, zilikuwa ni kazi ya mkono ule ulioko juu. Alisema ameshika sifa zake miaka yote kama mwizi. Akaendelea mpaka mwisho, na alipomaliza hakusema nisamehe, kwa kuwa aliona hana haki ya kumlazimisha mtu kujibu akiwa juu ya ngazi.

Watu waliinua macho wote kwa pamoja. Mama alimalizia mkia wa herufi, akaufuta ukingo wake kwa kidole gumba, akachovya brashi tena.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa nyamaza, utanikosesha mstari. Ngazi inayumba, ishike."

Bwana Nukta akapapasa, akaipata, akaishika kwa mikono miwili. Nyuma yake watu walianza kunong'ona, huyu ndiye yule fundi, kumbe haoni, kumbe siku zote ni mkewe, masikini. Aliyasikia yote, moja baada ya jingine, na hakuiachia ngazi.